Barua ya wazi kwa vijana wa pwani mnaosubiri mzuka

Wanangu na wajukuu zangu wa Deep Sea, hapa Tanga,

Nina siku tatu silali vizuri. Juzi baada ya alasiri nilishuka sokoni kutafuta kitoweo, nikapita ilipolala mashua ya marehemu rafiki yangu. Jua limeikausha mpaka pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa za mbao, inaning'inia, kidole changu kikazama chote kwenye ufa. Hatua kumi tu kutoka hapo, chini ya mwarobaini, wamekaa vijana sita wanautazama mkeka wa kubeti kwenye simu, mwanawe akiwa katikati. Nikamuuliza, "Mwanangu, na chombo cha baba yako?" Akajibu bila kuinua macho, "Shikamoo babu. Kusi imechachamaa, hela hakuna. Yaani sina mzuka kabisa."

Mzuka! Neno hilo, ambalo nyinyi mnaliita hamasa, ndilo lililoninyima usingizi. Sisi tulikua tukiambiwa mzuka ni kitu kinachokutokea usiku ghafla, kisha hukioni tena. Kitu cha namna hiyo ndicho mnachokipa usukani? Mwezi uliopita mlichangishana kiingilio mkaenda ukumbini kumsikiliza mhamasishaji. Niliwaona mkirudi, barabara nzima vifijo. Kesho kutwa yake mlikuwa chini ya mwarobaini uleule.

Nisikilizeni. Mikono ndiyo hutangulia kushika kazi, moyo hufuata nyuma.

Nilipokuwa kijana kama nyinyi, jarife langu, yaani wavu wa kuvulia papa, nililolinunua kwa mkopo, lilinasa mwambani likachanika vipande. Nikajifungia ndani wiki mbili. Mke wangu ana mimba ya kwanza, anakula mihogo ya jirani. Nahodha wangu alikuja na sindano na bunda la uzi, akaketi kibarazani, akasema, "Leo shona pima moja. Ukimaliza, rudi ukalale." Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, si kazi ya kumtisha mtu. Siku ile nilishona kwa hasira, mafundo yakawa mabaya, akayakata kwa kisu akaniambia nirudie. Kesho yake akaja tena. Siku ya tano nilishona pima mbili bila kuambiwa. Jarife lilirudi majini kabla upepo wa kaskazi haujaanza, na mpaka leo sikumbuki ni siku gani huzuni iliniacha.

Ndiyo maana naudhika. Miezi ya upepo wa kusi, tangu Aprili mpaka Septemba hivi, vyombo vidogo huwa shida kutoka nje ya miamba, na hilo halikuanza na nyinyi. Hiyo ndiyo miezi ya kupandisha chombo, kuchokoa pamba iliyooza, kukalafati upya, kupaka sifa (yale mafuta ya papa), kutia tanga viraka, kuhesabu chubwi za kuzamishia nyavu zilizobaki. Mkiimaliza kwa kubeti, kaskazi itawakuta na chombo kinachovuja, halafu mtasema bahari haina samaki.

Mengine nayapitia haraka. Laleni mapema. Mikopo ya kausha damu msiiguse. Mwenye deni amwendee anayemdai kabla hajafuatwa. Ibada isiachwe kwa sababu moyo ni mzito. Na mwenzenu asiyekula, asiyelala, anayesema bora afe, huyo haambiwi ajikaze: mshikeni mkono mumpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Sisi wazee nasi tuna lawama. Tulinyamaza baruti ikilipuliwa miambani, leo tunawaita wavivu kwa kukosa samaki ambao mazalia yao yalibomolewa mbele ya macho yetu. Kijana akija na pikipiki tunamshangilia. Akirudi na ndoo tupu tunampokea kwa "wenzako wamejenga", hata maji ya kunywa hajapewa. Haya yanavunja mgongo, nayajua.

Lakini ile kauli ya kijiweni kwamba mji huu ulikufa mkonge ulipoporomoka, siikubali. Baba yangu alikata mkonge. Niliona nyumbani kwetu kamba za nailoni zilivyoua bei. Huo mkonge wenyewe ulianzaje? Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62 tu. Ikapandwa huko Pangani, ikazaa mingine, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Simsifu mkoloni, mashamba yale yaliwatesa babu zetu. Nawaonyesha ile 62, maana nyinyi mkipoteza kumi katika mia mnakunja mkeka.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa kwenye ile mashua na nyundo, patasi ya kalafati na pamba. Mwenye chombo nimemwambia, hakunijibu. Nitaanza na ufa wa ubavu wa kushoto, ule mkubwa. Tutafanya pima moja, kisha twende tukaswali magharibi.

Babu yenu, mshona nyavu,
Tanga