Sindano nne, na uso wa chuma kitupu

Kijitonyama, Dar es Salaam

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Nimeupitia mchoro wako wa kipima plazma (ile gesi ya juu angani yenye elektroni huru na ioni, yaani atomi zenye chaji chanya), na kabla hamjakata hata bati moja nakusihi uachane na sindano moja ya kupandishwa na kushushwa volti. Kwenye setilaiti kubwa inafaa. Kwenye setilaiti ndogo kama yenu, kisanduku cha sentimita 10, sindano ikivuta elektroni, mwili wa chombo nao unashuka volti, na ile volti unayodhani umeiweka siyo iliyopo. Joto la elektroni litasomeka kubwa kuliko lilivyo.

Tumia sindano nne za namna ya Chuo Kikuu cha Oslo: kipenyo milimita 0.51, urefu milimita 25, kila moja na volti yake isiyobadilika, mathalani 3, 4, 5 na 6. Chukua kipeo cha pili cha kila mkondo, ukichore kwenye grafu dhidi ya volti. Utapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ndio unaokupa msongamano wa elektroni. Mwili ukishuka nusu volti, sindano zote zinashuka pamoja, mteremko unabaki vilevile.

Sasa hesabu inayosahaulika. Penye elektroni bilioni 100 kwa mita ya ujazo, kila sindano huvuta kama nanoampea 250. Zote nne, mikroampea 1. Mwili lazima ufidie kwa kupokea ioni, na uso wa mbele wa sentimita za mraba 100, kwa mwendo wa kilomita 7.5 kwa sekunde, hupokea mikroampea 1.2 tu. Pamebana mno! Ukiufunika uso huo kwa rangi au vioo vya sola, mwili utashuka volti mpaka sindano ziache kuvuta, na data itaonekana kama plazma imetoweka. Acha chuma kitupu mbele, kipakwe dhahabu, au punguza sindano ziwe mbili.

Zisiguswe kwa vidole. Utando wa mafuta huhifadhi chaji na kupotosha mkondo.

Kuhusu kasi ya kupima: Dar iko karibu na ukanda wa kusini ambako elektroni hurundikana, na baada ya magharibi viputo vyenye plazma hafifu hupita juu, GPS za wapima ardhi zikayumba. Ukipima mara moja kwa sekunde unaruka kilomita 7.5 nzima; pima mara 1,000, upate kipimo kila mita 7.5.

Nitumie mchoro mpya, na eneo la chuma kitupu uliandike pembeni.

Wako,
Rajabu