Mdogo wangu, kliniki ya mwezi huu usiiruke

Mdogo wangu mpendwa,

Uliponiambia utaenda kliniki mwezi ujao kwa kuwa "sijisikii vibaya", nilishtuka. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wajawazito wengi wanawaza kama wewe.

Presha ya mimba haibishi hodi. Mara nyingi hujitokeza baada ya wiki ya 20, na mtu anaweza kufika 140/90 au zaidi huku anacheka na kufanya kazi zake. Presha hiyo ikiambatana na protini kwenye mkojo, au figo na ini zikianza kuathirika, ndiyo priklampsia, na isipodhibitiwa inaweza kuishia kwenye degedege, yaani kifafa cha mimba. Inahusishwa na kondo la nyuma: mishipa inayolipelekea damu isipotanuka vizuri, kondo huachia kemikali zinazoumiza mishipa ya mama mwili mzima. Si kurogwa, wala si mawazo. Yeyote atakayekwambia umejitakia, usimsikilize.

Wewe una mimba ya kwanza, na mama alipata presha hii alipokuwa na mimba yangu. Hayo mawili waambie kliniki hata wasipouliza. Kuna wanaopewa aspirini ya kiwango kidogo ili kupunguza uwezekano wa kuugua, na hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16. Uko wiki ya 14, kwa hiyo mwezi ujao utakuwa umechelewa. Ila usijinunulie dukani. Daktari ndiye aamue.

Ukifika, nenda haja ndogo kwanza (kibofu kilichojaa hupandisha presha), kisha kaa utulie kama dakika tano. Egemeza mgongo, miguu ikanyage chini bila kukunja nne, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee mashine inaposoma. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Halafu uliza namba. Usiridhike na "iko sawa", nesi aiandike kwenye kadi uione. Na mkojo upimwe kila unapokwenda.

Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi. Kinachonitia hofu ni uso kuvimba ghafla, au vidole kujaa hadi pete haitoki. Ukiumwa kichwa kisichosikia parasetamoli, ukaona ukungu au vimulimuli, ukaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, au ukakosa pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimsubiri shemeji arudi kutoka kazini, wala usikubali kuambiwa ni kiungulia kabla hujapimwa. Presha ikifika 160/110 ni dharura, hata kama huna dalili nyingine.

Zipo dawa za kushusha presha zinazofaa kwa wajawazito, na ipo sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Lakini ugonjwa wenyewe huanza kuondoka mtoto na kondo vikishatoka, ndiyo maana wakati mwingine madaktari huamua uzae mapema. Hata hapo usijiachie: ugonjwa huu unaweza kujitokeza hadi wiki 6 baada ya kujifungua, wakati kila mtu anamtazama mtoto na mama amesahaulika.

Nenda wiki hii. Ukitoka, nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini, na uniambie wamesemaje kuhusu aspirini.

Dada yako