Kwa Mbarouk, kabla theluji haijaanguka

Wete, Pemba
6 Oktoba

Sahibu yangu Mbarouk,

Assalamu aleikum. Huku sote hatujambo, alhamdulillahi, wasiwasi ni juu yenu mlioko mbali. Wazee wako niliwapitia Tumbe juzi Ijumaa baada ya sala. Wote wazima. Mama anaulizia picha za mjukuu, na amenifungia pweza mkavu nikaja kumla nyumbani kwa muhogo wa nazi.

Picha ya gari nimeiona, tena nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyomwambia mke wangu. Mazda MX-5 ya 2001! Mimi nilipokuwa hapo hapo Montréal, Kanada, nilikuwa na ya 1999, umbo ni lile lile, na hata turubai la juu lilikuwa jeusi kama lako. Unasema wenzako kazini wanakwambia uifungie bandani mpaka Aprili, kwamba gari ndogo ya wazi inayosukumwa na tairi za nyuma haifai kwenye theluji. Inafaa, Mbarouk. Niliiendesha misimu minne ya baridi na theluji haikunishinda. Kilichonishinda ni chumvi, na hicho hasa ndicho kilichonifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu.

Lakini kwanza tairi, maana bila hizo mengine yote ni bure. Serikali ya jimbo lenu la Québec inalazimisha tairi za baridi kuanzia 1 Disemba mpaka 15 Machi. Wewe usisubiri tarehe. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya digrii 7 hivi, hata kama barabara ni kavu na hakuna theluji machoni. Mimi nilisubiri. Ilikuwa mwisho wa Novemba, theluji nyepesi imeanguka alfajiri, nateremka Côte-des-Neiges naelekea kazini. Taa mbele ikawa nyekundu. Nikarudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili na kuachia klachi kwa mkupuo, kama tunavyoteremka mlima wowote hapa kwetu. Nyuma ya gari ikanipita. Nilijikuta nimekaa upande, tairi imegonga ukingo wa njia na rimu imepinda, na basi limesimama hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Dereva wake alishuka akanishika bega na kuniuliza kama nimeumia. Sikuumia, lakini mikono ilitetemeka mpaka mchana.

Gari ya namna hii ukirudisha gia kwa ghafla, unafunga breki tairi za nyuma peke yake, na tairi iliyofungwa juu ya barafu haina pa kushika. Kwa hiyo punguza mwendo mapema, gari ikiwa imenyooka, kwa breki ya mguu, taratibu. Kuondoka, ondoka na gia ya pili, klachi iachie kidogo kidogo. Nunua tairi nne, si mbili za nyuma tu, na tazama ubavuni uone alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Na upepo uupime kila baridi inapozidi, kwani unapungua takriban ratili moja kwa kila digrii 5 au 6 zinazoshuka. Ukijaza ratili 26 mwezi wa Septemba kwenye joto la digrii 20, siku ya digrii 10 chini ya sifuri utakuta 21 tu.

Unaikumbuka chai maharage ya ami yangu, lile lori la abiria, ikipanda mlima wa udongo mwekundu wakati wa masika? Tairi za nyuma zinazunguka bure, tope linaruka, na utingo anapiga kelele abiria wote warudi nyuma. Tulikuwa tunajibana na magunia ya karafuu kule mwisho, na gari inaondoka. Hiyo ndiyo elimu yote ya gari inayosukumwa na tairi za nyuma, na wewe unayo tangu utoto. Yako ina nafuu, maana uzito wake umegawika karibu nusu mbele na nusu nyuma, haikuelea nyuma kama pikapu tupu. Tangi la petroli liko nyuma ya viti, basi liweke limejaa. Mimi nilikuwa natia na mfuko mmoja wa mchanga kwenye buti, nimeufunga kamba usihame. Siku ukikwama, mchanga huo huo unaumwaga chini ya tairi.

Ikianza kuteleza nyuma, fanya anavyofanya baba yako mashua inapopandwa na wimbi kwa nyuma. Wewe na mimi tumeshakaa ndani tukamtazama. Haukamatii usukani kwa nguvu. Anautoa kidogo kuelekea anakotaka kwenda, kisha anaurudisha kabla chombo hakijamaliza kujibu. Wengi wanaupatia ule mtelezo wa kwanza, wanachelewa kurudisha, na gari inawapiga upande wa pili kwa nguvu zaidi. Toa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi, macho yatazame unakotaka kwenda. Jumapili ya kwanza ya theluji tafuta uwanja mtupu wa kuegesha magari, uiteleze makusudi kwa mwendo mdogo mpaka mikono izoee. Nusu saa kama hiyo ilinifaa kuliko maneno yote niliyopewa.

Sasa chumvi. Wanaimwaga barabarani msimu mzima kuyeyusha barafu, na inarushwa na tairi mpaka chini kabisa ya gari. Nyuma ya kiti chako, kila upande, pale turubai linapojikunja, kuna tundu. Maji ya mvua na theluji yanateremka kwenye turubai, yanaingia kwenye mfereji, yanapita tundu hilo na kutokea chini, mbele ya tairi ya nyuma. Majani yakiziba hapo, maji yanamwagikia ndani ya ule mhimili wa bati ulio chini ya mlango, yanakaa, na kutu inakula kutokea ndani, wakati nje rangi inang'aa. Mimi sikulijua tundu hilo. Msimu wa nne ulipokwisha niliinama kuosha, nikaona lengelenge dogo la rangi, si kubwa kuliko punje ya kunde. Nikalibonyeza kwa kidole gumba. Bati likaingia ndani kama biskuti iliyolowa chai, kidole kikazama mpaka kwenye kiungo. Fundi alipoinyanyua gari alinionesha upande wa pili, nao vile vile. Pesa za kukata na kuchomelea bati jipya sikuwa nazo. Nikaiuza kama vyuma chakavu, na mpaka leo linaniuma.

Na aibu yangu ni kwamba sisi ni watu wa pwani. Nani atufundishe chumvi? Baba yako harudi nyumbani kabla hajaiendesha mashine ya boti ndani ya pipa la maji ya bomba, na mashua haingii majini bila kupakwa sifa, yale mafuta ya papa. Huko nako wapo wanaopaka magari mafuta kwa chini kabla ya baridi kuingia. Peleka mwezi huu, chini yote, na wanyunyize mpaka ndani ya mihimili. Halafu kila joto likipanda juu ya sifuri, hata kwa siku moja, ioshe kwa chini. Wala usiilaze kwenye banda lenye joto ikiwa imelowa chumvi, maana kutu hufanya kazi zaidi penye joto.

Mengine ni madogo. Betri imo ndani ya buti, ipime sasa, kwani baridi huipunguzia nguvu. Mipira ya milango ipake gliserini isigande. Turubai lipanguse theluji kwa brashi laini, wala usilikunje kwenye baridi kali. Usiku wa baridi kali acha breki ya mkono, egesha kwenye gia. Na siku theluji imepita pua ya gari, panda metro. Yote iko chini ya ardhi, na theluji haiijui.

Lakini asubuhi ya jua, baridi digrii 15 chini ya sifuri, njia imeshakwanguliwa, utaona. Chumba chake ni kidogo, kinapata joto kabla hujafika mwisho wa mtaa, na kila kitu cha njiani unakisikia kwenye viganja. Nimeendesha magari mengi tangu nirudi, sijaipata tena hali ile.

Shemeji yako anaondoka mwisho wa mwezi huu. Nimempa karafuu zako, na ndani ya mfuko utakuta mita mbili za mshipi wa nailoni. Baba yako ameuchagua mwenyewe, ule mnene anaovulia nguru, na ncha ameichoma kwa kiberiti ikafanya kidonge, isije ikatoboa mpira unaopitisha maji. Uingize kwenye lile tundu nyuma ya kiti, polepole, mpaka utokee chini. Kisha mwaga kikombe cha maji, uiname utazame kama yanatoka pande zote mbili, na uniandikie umeona nini.

Wasalaam,
Ndugu yako, Hamad