Mwanangu, rudisha ukurasa wa mwisho

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mbona jioni mnakaa sebule moja na watoto, lakini kila mmoja kainamia simu yake. Usijilaumu. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, kitabu kina mwisho wa sura. Hapo mtu hunyanyua macho akawaona wenzake. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu za kompyuta, alibuni ukurasa usioisha: ukikaribia chini, mengine yanajileta yenyewe. Video nazo zikaanza kufuatana bila kuguswa. Kilichoondolewa ni kituo, na kwenye kituo ndipo mazungumzo yalipokuwa yakianzia.

Anza na mipangilio ya simu. Katika kila programu ya video, zima uchezaji wa kiotomatiki, ule unaofanya video zifuatane zenyewe. Kwenye arifa, bakiza simu zinazopigwa na ujumbe wa watu unaowajua. Zilizobaki zima, pamoja na vile vidoti vyekundu. Weka "usisumbue" kuanzia saa 1 usiku hadi saa 3, ila ruhusu anayepiga mara ya pili mfululizo asikike. Usipofanya hivyo, utaiendea simu kila dakika kwa hofu ya dharura.

Simu zenyewe zikae chumba kingine, kwenye chaji. Kuilaza kifudifudi mezani hakusaidii, maana mkono unaijua njia. Wengi hukwama kwa jambo dogo tu: simu ndiyo inayowaamsha asubuhi. Nunua saa ya kengele.

Dakika 20 za kwanza zitakuwa nzito. Watoto watauliza wafanye nini, nawe utapapasa mfuko mtupu. Usikimbilie kuwapangia michezo. Weka karibu vitu vya kushika: karata, uzi na sindano, nguo za kukunja, kitabu. Mikono ikiwa na kazi ndogo, maneno huja bila kuitwa, hasa kwa kijana asiyependa kutazamwa usoni anapoulizwa jambo.

Kinachoharibu kuliko yote ni mzazi kujitoa kwenye sharti, eti "naangalia ya kazini mara moja". Kazi ikikulazimu, sema wazi, toka, maliza, urudi mikono mitupu.

Jioni mbili kwa wiki zinatosha mwezi wa kwanza. Filamu mkiitazama pamoja kwenye runinga moja sioni ubaya. Ikiisha, zima runinga, kisha kaeni hapo hapo kidogo, umsikilize atakayekuwa wa kwanza kuizungumzia.

Akupendaye,
Mamako