Mgonjwa wa ICU afuatiliwe hadi nyumbani

Mhariri,

Gazeti lako huandika mara kwa mara kuhusu vitanda na mashine za wagonjwa mahututi, na ni jambo jema. Kinachosahaulika ni maisha ya mgonjwa akishatoka wodi ya mahututi (ICU). Aliyelala siku nyingi kwenye mashine ya kupumulia anaweza kurudi nyumbani misuli imelegea, usingizi umejaa majinamizi na kumbukumbu zinampotea. Ndugu wanaona amepona kwa kuwa anaongea. Akianza kuweweseka usiku, wapo watakaosema amerogwa. Kliniki nayo humwangalia moyo, figo au kidonda; ni nadra kuulizwa kama anaweza kujiinua kwenda chooni.

Uingereza ina mwongozo tangu 2009 unaotaka wagonjwa wa aina hii, walio katika hatari ya kubaki na matatizo, wapimwe upya miezi 2 hadi 3 baada ya kutoka ICU. Kwetu nauli ni kikwazo. Mgonjwa dhaifu wa Kondoa, Mpwapwa au Manyoni hasafiri peke yake kuja Dodoma mjini, hivyo ni nauli ya watu wawili.

Napendekeza hospitali zetu za rufaa zianze na simu. Muuguzi wa ICU apewe simu ya ofisi na muda wa maongezi, aulize kama mgonjwa anakula, anatembea na analala. Namba ya ndugu imo tayari kwenye faili. Penye shaka, aiarifu zahanati ya karibu ili mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee.

Msomaji,
Chamwino, Dodoma