Harusi ya mtoto Ulaya: tuanze na viza, sare baadaye

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua maana hili limenikaa kooni tangu mwaka jana.

Binti yangu mkubwa kaolewa Bremen, Ujerumani. Alitupigia mwezi wa pili akasema harusi mwezi wa tano, ukumbi kashalipia, kadi tayari, basi huku vigelegele, mashangazi siku ile ile wakaanza kugombania rangi ya sare. Viza hakuna aliyeitaja. Tunakuja kushtuka mwezi unaisha na paspoti ya mzee wangu, baba wa bi harusi, imebakiza miezi minne, wakati wao wanataka ibakishe mitatu baada ya siku unayotoka kwao, kwa hiyo tukaanza na foleni ya paspoti kwanza. Kumbe maombi ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kupeleka hata miezi 6 kabla ya safari! Majibu kwa kawaida siku 15 lakini wakitaka kuchunguza zinaweza kufika 45. Ada euro 90 kila mtu na ukinyimwa hairudi, halafu bima ya euro 30,000, mi niliposoma hapo nikakaa chini, mpaka nikaeleweshwa kwamba hicho ni kiwango cha matibabu watakachokulipia, sio hela unayotoa wewe.

Ila kilichotuponza zaidi ni michango. Akaunti ya mzee ni ya pensheni, inaingia inatoka. Ndugu kwa upendo wao wakachanga, milioni 6 zikatua mle wiki moja kabla hatujaprinti steitimenti. Kwetu sisi hiyo ndo heshima, lakini anayesoma steitimenti anaona hela imetokea hewani. Mimi nina duka la vitenge, mauzo yanaingia kidogo kidogo na leseni ninayo, nikapita. Mzee akanyimwa. Simlaumu mtu wa viza, karatasi zetu ndo zilisema hivyo. Na tungejua, mkwe angeenda tu ofisi ya wageni ya mji wao akasaini dhamana kwamba gharama zote za mzee ni juu yake, ile karatasi ingeambatanishwa na ile milioni 6 isingehitajika kabisa.

Nikaenda peke yangu. Samli ya bibi yake bi harusi ikabaki kwa dada yangu Dar, maana nyama na vitu vya maziwa huruhusiwi kuingia navyo Ulaya, asali ya Tabora kilo moja na nusu ndo ikapita. Ndoa kule inafungwa ofisini kwa msajili, haikufika nusu saa, mi nimeshika simu juu WhatsApp video ili baba mtu aone, yuko sebuleni Muheza kavaa suti na tai, mtandao ukikata anaganda mdomo wazi na watu wanacheka. Mkaja wangu, zawadi ya mama, nikapewa mkononi, kilemba, zawadi ya baba, nikakitia kwenye pochi nimpelekee.

Kwa hiyo nyie watoto mlioko huko, tarehe ya harusi ipangwe baada ya kujua wazazi wanapata lini apointimenti. Na ndugu, hela ya mchango mpeni anayekata tiketi, msimwagie mzee kwenye akaunti.

Mdogo wake yuko Kanada, kaanza kutaja Desemba. Nimemwambia kadi asichapishe kwanza.

Mama wa bi harusi,
Muheza, Tanga