Shosti, kuhusu hiyo skolashipu ya ualimu

Shosti wangu, mambo? Sisi huku Dar tupo tu, joto limerudi na Mbagala bila feni hakulaliki, watoto wazima, shule imefungua na mi nimepewa form two zote mbili kwahiyo ukiniona kimya WhatsApp jua nasahihisha madaftari. Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu, mwambie magimbi yalifika salama na hayakumaliza siku mbili.

Sasa ile meseji uliyonifowadia ya skolashipu ya Marekani kwa wanaosomea ualimu, nimeisoma mpaka mwisho. Hiyo kitu ipo kweli, sio utapeli wa kutuma vocha, inaitwa TEACH Grant, lakini ni ya kwao wenyewe, uwe raia au uwe na vibali vyao vya kuishi kule, kwahiyo mdogo wetu asianze kuota theluji. Ila nikakaa nikaifuatilia maana ilinivutia jinsi ilivyo. Serikali inampa mwanafunzi hadi dola 4,000 kwa mwaka, ila anasaini kwamba akimaliza chuo atafundisha miaka minne ndani ya ile miaka minane ya mwanzo, tena sio popote, ni shule za watoto wa familia za kipato cha chini, na liwe somo lenye uhaba wa walimu kama hesabu au sayansi au elimu maalumu. Asipotimiza, ile zawadi yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ile alipopewa hela. Yani unalala una msaada unaamka una deni! Na sio waliokimbia kazi tu, kuna walimu walikuwa darasani kabisa wanafundisha, ila fomu ya kila mwaka ya kuthibitisha ikachelewa kidogo au ikakosa sahihi, wakageuziwa. 2018 redio yao ya umma, NPR, ikalivalia njuga hilo jambo mpaka wizara ya elimu ya kule ikatangaza utaratibu wa kuwarudishia.

Mi sikushangaa masharti shosti, hela ya serikali lazima iwe na kamba. Nilichowaza ni kwamba afadhali kule anayefungwa kamba anajua shule zipo zinamsubiri. Huku kwetu je? Zamani ilikuwa hivyohivyo, walimu wa enzi za mama zetu walisomeshwa na serikali, mtu akimaliza anapangiwa kituo, iwe Liwale iwe Nkasi, anafunga begi na godoro anaenda. Baadae miaka ya 90 ikaja kuchangia gharama, halafu ikaja Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005, lakini hata hapo kupangiwa kuliendelea, si unakumbuka tulivyokuwa tunasubiri majina, ukiliona lako kwenye pdf umemaliza. Baada ya 2015 ndo mambo yakabadilika, ajira zikasimama, zikaja kwa kudonyoa, na 2025 walimu nao wakaanza kuitwa kwenye usaili kama kada nyingine. Kwahiyo sa hivi mtoto anakopeshwa asomee ualimu, hafungwi kufundisha popote, na pia haahidiwi kufundisha popote. Anaachiwa deni na cheti. Mi nasema nifunge hata miaka mitano Kakonko lakini nipe kituo! Huo ndo msaada. Watu tunauliza tu "unatoa shilingi ngapi" wakati swali ni akimaliza anapokelewa na nani.

Na usiniambie nakatisha tamaa, kumbuka ya 2016 pale UDOM, chuo kikuu cha Dodoma. Wale vijana wa diploma maalumu ya ualimu wa sayansi na hesabu, program ilianza 2014 kwa sababu shule hazina walimu wa fizikia, wakachukuliwa form four wakapewa na mkopo, halafu Mei 2016 zaidi ya elfu saba wakaambiwa waondoke chuo, tena ndani ya masaa. Wengine usiku ule wanazagaa Dodoma na mabegi. Baadae waliokuwa na sifa wakapelekwa vyuo vya ualimu, lakini ile miezi ya katikati nani aliwalipa? Hapo ndo nilijua mpango wa kusomesha walimu unaweza ukaanza kwa mbwembwe na bado ukakuachia mtoto stendi.

Haya turudi kwa mdogo wako. Umesema ana EGM (uchumi, jiografia na hesabu) na anataka ualimu wa jiografia na uchumi kwa sababu hesabu "zitamsumbua chuo". Mwambie dada yake wa Dar amekataa. Hesabu kafaulu, kwanini azitupe? Jiografia walimu wamejaa mitaani, wengine wanajitolea kwa nauli tu, mi shuleni kwangu tunao na ni wazuri kuliko hata sisi wa serikali. Hesabu ndo somo watoto wanafeli kila mwaka form four na walimu wake hawatoshi, hata matangazo ya ajira yakitoka ukiangalia fizikia na hesabu zipo. Achukue hesabu na jiografia basi, apate zote mbili. DUCE hapa Chang'ombe wapo, ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kazi yake kubwa ni walimu, au Mkwawa Iringa kama anaogopa joto na foleni.

Samia Scholarship asiipigie hesabu, ile ni ya waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi form six. Yeye njia yake ni Bodi. Na uzuri wa sasa deni halivimbi kama zamani, ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na faini ya asilimia 10 zilifutwa 2021. Zamani ulikuwa unakatwa kila mwezi ukiangalia salio limepanda, unahisi unarogwa. Ila makato ni asilimia 15 ya mshahara, ajue mapema, sio siku ya kwanza anapokea salari slipu anapiga kelele. Na akikosa degree asikate tamaa, kuanzia 2023/24 mikopo imefika mpaka diploma kwa kozi kadhaa, ualimu wa sayansi na hesabu ukiwemo.

Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, sa hivi ni elfu kumi kwa siku, zamani 8,500. Kwa Dar elfu kumi ni kula, nauli na bando, chumba hapo bado. Akipata Chang'ombe aombe hosteli mapema, akikosa atakaa kwangu, vyumba ni viwili ila atalala sebuleni na wanangu, gari za kwenda huko zipo. Ile hela ikitoka asinunue simu! Wauza chipsi wa nje ya chuo wanajua boom limetoka kabla hata ya wanafunzi wenyewe.

Kinachoniumiza kichwa ni makaratasi. Watoto wengi wanakosa sio kwa sababu ni matajiri, ni kwa sababu fomu imerudi. Maombi yanafanyika mtandaoni, anatoa fomu, anaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa isainiwe na kugongwa muhuri, halafu kwa wakili au hakimu, halafu anaskani anapandisha tena. Ukurasa mmoja bila sahihi umeshaharibu. Jina la cheti cha kuzaliwa liwe lilelile la form four, herufi kwa herufi, maana nyie kwenu huko mnaandika majina mtakavyo hahaha. Na vyeti vinahakikiwa kwanza RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na hapo ndo pana foleni, wiki ya mwisho kila mtu yuko kwenye mfumo na mfumo unagoma. Asisubiri matokeo ndo aanze, aanze na RITA sasa hivi.

Halafu kuna la mzee. Najua hupendi tuligusie lakini cheti cha kifo cha baba ndo kitu cha kwanza watakachomuuliza, kufiwa na mzazi ni kigezo na bila karatasi iliyohakikiwa anahesabiwa ana baba na mama. Mara ya mwisho ulisema mlipewa kile kibali cha mazishi tu, cheti chenyewe mama alikuwa bado hajafuatilia. Kama bado, nendeni wilayani kesho, muende na mama mwenyewe na kitambulisho chake. Kama kipo nipigie picha unitumie leoleo, nina jamaa wa stationery hapa anaelewa huo mfumo, nitamlipa mi tutahesabiana baadae.

Shoga yako,
Madam wa Mbagala